Kiti cha Mbele

Edgar alimweleza baba yake habari za kiti kwanza. Habari za mama alizileta baadaye, chai ikiwa imeshapoa.

Walikuwa jikoni, nyumbani kwa Edgar huko Calgary, Kanada, Jumamosi asubuhi. Nje theluji ya mwezi wa tatu ilikuwa imejikalia uani, chafu, kama haina mpango wa kuondoka. Mzee Revelian alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Yeye na mkewe Genoveva walitoka Dar es Salaam kabla ya Krismasi kuja kumwona mjukuu wao wa kwanza, na sasa siku ya kurudi ilikuwa imekaribia.

"Baba, safari ya kurudi hukai tena nyuma kule," Edgar alisema. "Nimekuwekea bizinesi."

"Bizinesi?"

"Daraja la mbele. Kiti kinalala kabisa, kinakuwa kitanda. Nilikuwa na pointi za safari zangu za kazini, nikazitumia zote. Siku ile mlipofika, nilivyokuona unatembea umeshikilia toroli kama mtu aliyetoka kupigwa, roho iliniuma sana."

Revelian alicheka kwa furaha. Alikuwa karani wa bandari mpaka anastaafu, na kabla ya safari hii, aliyoyajua ya ndege ni kuziona zikipita juu. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa anamlisha uji mtoto Blessing.

"Umesikia, Mama Edgar? Tunakwenda kulala mawinguni."

Genoveva hakuinua uso. Aliendelea kumfuta mtoto kidevu, ingawa kidevu kilikuwa safi.

"Pointi zilitosha kiti kimoja, baba," Edgar alisema. Akakohoa kidogo. "Mama tumemwomba abaki. Tusajigwe anarudi kazini, na kule kunakolelewa watoto foleni ni ndefu mno. Akikaa mpaka mwezi wa sita hivi, nafasi itakuwa imepatikana."

Tusajigwe, mkewe Edgar, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake mkononi. Hakuingia wala hakuondoka. Revelian akawatazama wote watatu mmoja mmoja, akaelewa kwamba jambo hili lilikuwa limeshazungumzwa humu ndani, likakubaliwa, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kulisikia. Genoveva alikuwa mkunga wa zamani. Watoto wa watu wangapi wamepita mikononi mwake! Ni nani angemwambia asimlee wa kwake?

"Nilitaka nikwambie mwenyewe," Genoveva alisema polepole.

"Hamna shida," Revelian akajibu. "Kweli kabisa, hamna shida."

Na akanywa ile chai iliyopoa mpaka ikaisha.

Safari ya kuja walikuwa wamekaa nyuma, katika viti vya katikati, na Revelian alilalamika njia nzima. Magoti yalikuwa yanagusa kiti cha mbele. Mtu wa mbele alilaza kiti chake mpaka karibu amkalie mapajani. Genoveva alivua viatu kupumzisha miguu, na walipofika Amsterdam kubadilisha ndege, miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Akatembea uwanja mzima wa ndege wa Wazungu na kandambili alizokuwa amezificha kwenye mkoba. Pembeni yao alikaa kijana mnene aliyekoroma kwa mtindo wa kupiga filimbi, wakawa wanamsema kwa Kihaya na kucheka kama watoto kanisani, machozi yakiwatoka. Kisha Genoveva akalala begani mwa mumewe mpaka mkono ukafa ganzi. Revelian hakuutoa, ila aliulalamikia mkono huo kwa siku mbili baada ya kufika.

Siku ya kuondoka, Genoveva alimsindikiza mpaka pale ambapo wasio na tiketi hawaruhusiwi kupita. Alikuwa amembeba Blessing mgongoni kwa khanga, na watu walikuwa wanageuka kuwatazama. Akamfunga mumewe skafu vizuri, akamkumbusha dawa za presha, akamkumbusha kufungua madirisha akifika maana nyumba itakuwa inanuka. Hawakukumbatiana. Hawakuwa na mazoea hayo mbele za watu.

"Haya, Baba Edgar. Uende ukalale."

"Nawe usijichoshe."

Akapita kwenye mstari mfupi wa watu wa mbele, ambapo hapakuwa na kusukumana. Kila alipoonyesha tiketi, watu walimfungulia njia na kumwita bwana.

Kiti chenyewe kilikuwa na kuta ndogo pande zote, kama kibanda cha kupigia kura. Palikuwa na mto wa kweli, blanketi zito, na kimfuko cha soksi, mswaki na mafuta ya midomo. Mhudumu wa ndege, dada wa Kizungu mwenye sauti ya chini, alimletea juisi ndani ya glasi ya kioo kabla hata ndege haijaondoka. Revelian akavua viatu, akavaa kandambili zake, akaanza kuchunguza vitufe. Akabonyeza kimoja, miguu ikainuka ghafla mpaka kandambili moja ikaruka. Akacheka kwa sauti, akageuka kulia kusema neno.

Kulia palikuwa na ukuta.

Akageuka kushoto. Palikuwa na dirisha. Akaiokota kandambili yake, akaivaa.

Chakula kililetwa juu ya kitambaa cheupe, kwenye sahani inayovunjika, kwa uma wa chuma. Samaki alikuwa laini, wa kupikwa na mtu anayejua. Alikula taratibu, akitafuta wa kumwambia kwamba ni mtamu. Baadaye yule dada akaja kumlazia kiti, kikawa kitanda kama Edgar alivyosema. Revelian akanyoosha miguu yake yote miwili mpaka mwisho. Magoti hayakusema kitu.

Akalala. Huo ndio ukweli, na baadaye ndio uliomsumbua kuliko yote. Alilala usingizi mzito, mtamu, ambao hakuupata Calgary hata mara moja. Alipoamka hakujua yuko wapi, akanyoosha mkono kumpapasa mkewe, kama afanyavyo kila anapoamka, na vidole vyake vikagonga plastiki.

Akainuka kunyoosha viungo. Mwisho wa viti vya mbele palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na kelele: mtoto analia, watu wamejipanga wakingoja choo, mtu anacheka. Akalisogeza kidogo. Karibu kabisa na pale walikaa mzee na bibi, Wahindi labda, wamefunikwa blanketi moja jembamba, wamelala vichwa vimegongana. Mdomo wa mzee ulikuwa wazi. Revelian akawatazama mpaka mhudumu akamgusa bega kwa adabu.

"Choo chenu kiko huku mbele, bwana," alimwambia kwa Kiingereza. "Hakuna foleni."

Akashukuru, akarudi kibandani kwake.

*

Nyumba yao iko Boko, pembezoni mwa Dar es Salaam, ndani kidogo kutoka barabara ya Bagamoyo. Waliijenga chumba kwa chumba kwa miaka mingi, wakiwa bado wanapanga Kinondoni, na kila chumba kilikuwa na sababu yake: cha Edgar, cha wageni kutoka Bukoba, cha Genoveva cha kushonea. Revelian alifungua madirisha yote. Nyumba ilikuwa inanuka kweli.

Jioni ile Edgar akapiga simu ya video. Kwenye kioo walijaa wote: Edgar na Tusajigwe mbele, Genoveva nyuma yao na mtoto begani.

"Ehe, baba, tupe habari. Kiti kilikuwaje?"

Revelian aliona jinsi mwanawe alivyokuwa anangoja. Alikuwa na uso uleule wa utotoni, wa mtoto aliyeleta ripoti ya shule na kusimama kando. Mtu akikupa zawadi, unaisifu. Kwa hiyo Revelian akaisifu. Akasifu samaki, akasifu kitambaa, akasifu wahudumu waliomwita bwana.

"Na kulala! Nililala mie, jamani. Miaka yote hii sijawahi kulala vile. Nimeamka mwili mwepesi kama kijana."

"Afadhali," Genoveva alisema kutoka kule nyuma. "Hukuwa na mtu wa kukuegemea."

Wote wakacheka, na Revelian akacheka nao.

Masika yakaanza. Njia ya kuingilia mtaani kwao ikawa dimbwi, na watu wakawa wanapita juu ya matofali. Revelian alipika ndizi kwa kipimo kilekile cha siku zote, akala robo, nyingine akampelekea mbwa wa jirani. Jumapili alikwenda misa, akakaa kwenye benchi lao palepale, akiacha nafasi ya Genoveva upande wa ukutani, na watu walipotaka kukaa alisogeza miguu wapite bila kuhama mwenyewe. Watu wa jumuiya walimuuliza habari za mama. Alisema mama mzima kabisa, analea. Wakasema hongera. Akitoka hapo alirudi nyumbani, akafungua televisheni na kuongeza sauti, ili kuwe na watu wanaozungumza.

Simu zilikuja, lakini zilikuwa simu za Blessing. Blessing amekaa, Blessing ameota jino, Blessing amesema "ta". Genoveva alionekana nusu tu, mkono au kipande cha khanga. Revelian alimuuliza hujambo, naye alijibu sijambo, na hapo mtoto alishika simu na picha ikageuka dari.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Fakihi, mtu wa Newala, fundi samani mwenye karakana Chang'ombe. Kwa miaka mingi alikuwa akiinua mbao na makabati, na sasa mgongo ulikuwa umemshinda. Siku moja alasiri, mvua ikiwa imepumzika, alikuja akitembea kwa upande, mkono kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Fakihi. Karibu ukae."

"Kukaa ndo kesi yenyewe, mzee wangu. Acha nisimame tu hapa." Akaegemea nguzo ya baraza. "Watoto wamekaa kikao huko, wameamua niende India nikapasuliwe mgongo. Sasa kuna ishu ya ndege. Mmoja anasema baba akae mbele kwenye vitanda, mwingine anasema hela ya bure hiyo. Nikawaambia ngojeni, mzee Revelian ndo kapanda, mtaa mzima unajua. Niambie ukweli, mzee. Inalipa?"

Hadithi ya kiti kile Revelian alikuwa ameshaisimulia mara nyingi: kanisani, kwa muuza genge, kwa fundi bomba. Akafungua mdomo aianze tena kutoka kwenye samaki, na haikuja.

"Unakwenda na nani?" akauliza.

"Na mama Zulfa, mke wangu. Nani mwingine atanivumilia?"

"Naye atakaa mbele?"

"Aa, wapi! Mbele ni mie mgonjwa. Yeye nyuma huko na wenzake."

Revelian akatazama dimbwi la njiani. "Kaeni pamoja nyuma," alisema.

Fakihi akashangaa. "Mzee! Mie nikikaa robo saa, kuinuka lazima nishikwe. Nitafika India nikiwa maiti."

Ilikuwa kweli. Revelian aliona jinsi yule mtu alivyokuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, na jasho lililokuwa kwenye paji la uso wake ingawa hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Akaona haya kidogo.

"Basi kaa mbele," alisema. "Usibishane na mtu. Kwa mwili, inalipa. Magoti yangu hayajawahi kushukuru vile. Ila utakapoamka..."

"Ila nini?"

"Utamtafuta."

Fakihi alitaka kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha. 

"Kwani mama anarudi lini, mzee?"

"Mwezi wa sita."

Lakini mwezi wa tano Edgar akapiga. Nafasi ya mtoto ilikuwa bado. Walikuwa wanafikiria kuomba mama aongezewe muda wa viza, akae mpaka mwisho wa mwaka. Baba anaonaje?

"Hamna shida," Revelian alisema.

Akakata simu, akabaki ameishika. Alikuwa na ndizi jikoni za kumenya. Hakuzimenya. Alikaa akifikiri jinsi lile neno lilivyotoka lenyewe, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango kabla hajamjua, na akahesabu misimu iliyobaki mpaka mwisho wa mwaka, jua na vuli na lile joto la Desemba, na vyumba vyote vile.

Kesho yake jioni, ambayo kule ilikuwa asubuhi na vijana wameshakwenda kazini, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipiga yeye, akampigia Genoveva, simu ya sauti tu.

"Kuna nini?" Genoveva alishtuka. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nyumba ina nini?"

"Nyumba ipo." Akatafuta pa kuanzia. "Mama Edgar, ile siku ya ndege. Nilipoamka kwenye kile kitanda, nilikutafuta kwa mkono."

 Kwa mbali Revelian alisikia mtoto akigonga kitu mezani.

"Nikagonga plastiki," aliongeza.

"Mbona ulisema umelala vizuri?"

"Nililala vizuri. Lakini ningesemaje hayo mengine mbele ya Edgar? Kijana ametoa pointi zake zote."

"Nikaamini," Genoveva alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulivyokisifia kiti kile, nikajiambia, kumbe mzee alikuwa amechoka na mie. Kumbe anapumzika. Mwache basi apumzike."

"Hapana."

"Nilikuwa nakusikia unacheka kwenye simu. Halafu mie huku..." Akaihamishia simu sikio la pili. "Wanaondoka hapa bado giza. Wakirudi wamechoka, wanakula wamesimama. Kutwa nzima nazungumza Kihaya na mtoto asiyejua kujibu. Kuna mama nyumba ya pili, kila siku ananipungia mkono kutoka ndani ya gari. Basi. Huyo ndiye rafiki yangu Kanada."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ulisema hamna shida! Mara ya kwanza jikoni, na jana tena. Nilikuwa nimesimama hapohapo nyuma ya Edgar, nikikuomba moyoni useme ipo."

Revelian akajikuta amesimama wima katikati ya sebule.

"Ipo," alisema. "Mama Edgar, shida ipo. Rudi nyumbani."

*

Haikuwa rahisi. Tusajigwe alilia, na haki yake alikuwa nayo. Ilibidi abadilishe zamu kazini na kumtafuta mama wa Kifilipino wa kukaa na mtoto. Edgar alipiga simu akiwa ndani ya gari.

"Baba, mie nilidhani nimekufanyia jambo zuri."

"Ulifanya zuri, mwanangu. Magoti yangu mpaka leo yanakutaja."

"Basi sikiliza. Mama akingoja mpaka mwezi wa nane, pointi zitakuwa zimerudi, naye nimuweke mbele. Kama ni wiki ijayo, kilichopo ni nyuma, kiti cha katikati."

Revelian akaikumbuka miguu ile ya Amsterdam. Miezi miwili mingine. 

"Mwambie angoje," alisema. "Miguu yake huvimba."

Alisikia simu ikipewa mtu mwingine, na kumbe Genoveva alikuwa humohumo garini.

"Wiki ijayo," alisema mkewe.

"Miguu itavimba."

"Ivimbe. Itapona."

Genoveva alitua Dar es Salaam siku yenye manyunyu. Alitoka mlangoni akisukuma toroli polepole, kandambili miguuni, macho mekundu. Alikuwa amepungua. Revelian alimpokea mkoba, wakasimama wakitazamana, watu wakiwapita pande zote.

"Ulikaa na nani?" akamuuliza.

"Mama mmoja wa Arusha. Ameongea tangu Amsterdam mpaka anashuka Kilimanjaro. Sikulala hata kidogo." Akatabasamu kidogo. "Nimemsimulia mambo yako yote."

Kwenye teksi hakuzungumza tena. Alitazama nje njia nzima, kupita Tegeta mpaka Boko, kama mtu anayekagua kama vitu vyake vyote vipo. Nyumbani aliingia chumba hadi chumba. Revelian alimchemshia maji ya chumvi, akaleta beseni, akamwekea miguu ndani. Ilikuwa imevimba kama alivyosema, ngozi inang'aa.

Jioni Edgar akapiga. Blessing alikuwa mapajani mwake. Alipomwona bibi yake kwenye kioo aliruka, akaishika simu, akaigeuza, akatafuta nyuma yake. Hakumwona mtu. Akaigeuza tena, uso umekunjamana, akaanza kulia, na Edgar akasema wataongea kesho.

Genoveva akaiweka simu kifudifudi. Akalia bila sauti, mabega yakitikisika, maji ya beseni yakitikisika nayo. Revelian akasimama hapo na taulo. Alikuwa na furaha kubwa tangu asubuhi, na hakujua sasa aiweke wapi.

"Tutakwenda tena," alisema.

"Lini?"

"Sijui."

Ilimchukua Genoveva muda mrefu kurudi kabisa. Mwili wake ulikuwa Boko, lakini masikio yalikuwa bado kule. Kila alasiri, saa ambayo Calgary kunapambazuka na mtoto anaamka, aliacha alichokuwa anafanya, mchele kwenye ungo au sindano kwenye kitambaa, akatoka barazani na kusimama akitazama njia. Revelian alijifunza kutomsemesha saa hiyo. Alitoka naye, akasimama karibu yake, mpaka Genoveva alipogeuka mwenyewe na kumuuliza leo wapike nini.